Kikonyo Kiko Wapi? Mhadhara Juu ya Nyama Adimu za Pua



Nyama za puani za kawaida nitazipita upesi, kwa kuwa wengi wenu mnazijua au mna ndugu aliyenazo. Huota pande zote mbili za pua, kwa mtu mzima, mara nyingi mwenye pumu au mafua yasiyokwisha. Daktari akizitazama kwa kamera huziona zimepauka na kung'aa kama zabibu lililomenywa. Haziumi zikiguswa na kwa kawaida hazitoi damu, ila hunyang'anya harufu, mtu akala pilau asijue kama lina iliki. Tiba yake huanza kwa dawa ya kupuliza yenye steroidi na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Ambao dawa haikuwafaa hufanyiwa upasuaji. Wenye pumu pamoja na nyama hizo nina ombi moja kwenu: kama aspirini au dawa za maumivu za jamii yake, kama diklofenaki na ibuprofeni, ziliwahi kuwabana kifua, mwambieni kila daktari kabla hajaandika dawa. Fernand Widal na wenzake waliliandika jambo hili Ufaransa mwaka 1922, Max Samter na Roland Beers wakalieleza kwa kina Marekani mwaka 1968, na hadi leo wapo wagonjwa wanaochomwa diklofenaki bila kuulizwa lolote.

Kilichonileta hapa ni nyama za upande mmoja. Hizi ni chache, na kwa sababu ni chache ndiyo maana hukosewa. Mgonjwa anakwenda zahanati akiwa tundu moja la pua limeziba kwa miezi, anapewa vidonge vya mzio, anarudi, anapewa antibiotiki, anajifukiza kwa majani nyumbani, pengine anashauriwa avute ugoro apige chafya. Siku anapotazamwa kwa taa, mtu anasema, "Una nyama puani, tutaing'oa." Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Nyama iliyo upande mmoja haihesabiwi kuwa ya kawaida mpaka ipigwe picha na ipimwe maabara. Kabla ya kuishika kwa koleo lolote kuna swali la kujibiwa: imeota wapi? Kikonyo chake kimejishika kwenye ukuta gani? Anayekata bila kulijua hilo hukata kipande kinachoonekana tu, na katika pua kinachoonekana ni sehemu ndogo ya ugonjwa.

Nianze na ile ninayoipenda kuifundisha, kwa kuwa huwapata watoto na vijana na kwa kuwa inatibika vizuri ikitambuliwa.

Ndani ya mfupa wa shavu, chini ya jicho na juu ya magego, kuna chumba cha hewa ambacho sisi tunakiita sinusi ya taya. Daktari Mwingereza Nathaniel Highmore alikieleza kwa michoro mwaka 1651. Kwa mtu mzima kina ujazo wa mililita 15 hivi. Mlango wake uko juu, karibu na dari, si sakafuni, kwa hiyo ute hautoki kwa kumwagika. Husukumwa na vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyoupandisha ukutani bila kukoma hadi mlangoni. Baadhi ya watu wana pia tundu la pili, la ziada, nyuma kidogo ya mlango wenyewe.

Wakati mwingine katika ukuta wa chumba hicho huvimba kifuko chenye maji. Kifuko kinakua, kinajaza chumba, kisha sehemu yake inajipenyeza kupitia lile tundu la ziada na kutokeza puani. Ikishafika puani haiji mbele. Inaelekea nyuma, inafuata njia ya pumzi hadi kwenye uwazi unaounganisha pua na koo, na ikiachwa inaning'inia nyuma ya kaakaa, mtoto akifungua kinywa unaiona imechungulia chini ya kilimi. Gustav Killian, akiwa Freiburg, Ujerumani, alionyesha mwaka 1906 kwamba shina la nyama hii liko ndani ya sinusi ya taya. Killian ndiye yule yule aliyetoa kipande cha mfupa kwenye njia ya hewa ya mkulima mwaka 1897 kwa kupitisha bomba kinywani, na hadi leo nyama hii ina jina lake. Ni kama asilimia 4 hadi 6 ya nyama zote za pua, lakini kwa watoto peke yao inaweza kufikia theluthi nzima.

Mtoto mwenye nyama ya Killian anakoroma, analala kinywa wazi, anazungumza kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kwetu dalili hizo hupelekwa moja kwa moja kwenye nyama zile nyingine za utotoni, zilizo nyuma ya pua katikati. Mtoto anafanyiwa upasuaji wa hizo, na pua inabaki imeziba upande ule ule. Mzazi aangalie jambo dogo: mzibe mtoto tundu moja, apumue kwa lingine, kisha badilisha. Kama upande mmoja unapitisha hewa vizuri na mwingine haupitishi kabisa, wiki hadi wiki, mwambie daktari hivyo hivyo kwa maneno yako. Nimeshaona kwamba kauli moja ya mama, "ni upande wa kushoto tu, siku zote," inafupisha safari kuliko barua ya rufaa yenye kurasa mbili.

Na hapa niseme kwa uchungu kuhusu kukata kilimi. Bado wapo wazazi wanaopeleka watoto kwa fundi wa kienyeji kwa sababu mtoto anakohoa, anakoroma au "kilimi kimeshuka". Kilimi hakina kosa. Mtoto anarudi na kidonda, pengine na damu isiyokatika au pepopunda, na nyama iliyokuwa nyuma ya kilimi iko pale pale.

Turudi kwenye kutoa. Historia ya kuondoa nyama za pua ni ndefu. Maandishi ya Hippocrates yanaeleza kufunga sponji kwa nyuzi na kuivuta kupitia pua hadi kooni ili izing'oe. Al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alizivuta kwa ndoano na kuzikata, na akaeleza pia uzi wenye mafundo unaopitishwa puani na kutokea kinywani. Baadaye kikaja kitanzi cha waya. Ninawaheshimu watu hao, walifanya kazi gizani bila ganzi ya maana. Lakini njia zao zote zinakatia puani, na kikonyo kinabaki shavuni. Ndiyo sababu nyama ya Killian iliyonyofolewa tu hurudi mara nyingi, na mzazi anauliza, "Daktari, si ilishatolewa? Hii imetoka wapi tena?" Imetoka kule kule ilikoanzia, kwa sababu hakuna aliyefika huko.

Mwishoni mwa karne ya 19, George Caldwell huko New York mwaka 1893 na Henri Luc huko Paris mwaka 1897, kila mmoja kwa njia yake, walipata mlango mwingine: kupasua ufizi chini ya mdomo wa juu na kutoboa mfupa wa shavu. Kwa miongo mingi upasuaji huo ndio uliofikia kikonyo. Ubaya wake ni ganzi ya shavu na meno, uvimbe wa uso, na kwa mtoto hatari ya kuharibu vichipukizi vya meno ya ukubwani ambavyo bado vimo ndani ya mfupa. Kilichobadilisha mambo ni mwanga. Harold Hopkins, mwanafizikia wa Uingereza, alibuni mwaka 1959 mpangilio wa vioo vya fimbo unaoleta picha angavu kupitia bomba jembamba, na Karl Storz akaufanya kifaa cha hospitali. Walter Messerklinger huko Graz, Austria, alitumia kifaa hicho kufuatilia jinsi ute unavyosafiri. Heinz Stammberger akaendeleza kazi yake, na David Kennedy akaieneza Marekani katikati ya miaka ya 1980. Wazo lao ni rahisi na la heshima kwa mwili: fungua mlango wa asili, usiharibu utando usio mgonjwa, vinyweleo vitaifanya kazi iliyobaki.

Leo upasuaji wa nyama ya Killian huwa hivi. Mgonjwa anapewa dawa ya usingizi, nusu kaputi kama tunavyoizoea kuiita. Pamba zenye dawa ya kubana mishipa zinawekwa puani ili damu ipungue. Kamera ya milimita 4, au 2.7 kwa mtoto mdogo, inaingia. Sehemu ya puani inatenganishwa na kutolewa, wakati mwingine kupitia kinywani kwa kuwa ni kubwa kuliko tundu la pua. Watu wengi hudhani upasuaji umekwisha hapo. Kwangu mimi ndipo unapoanza. Mlango wa sinusi unapanuliwa mpaka uungane na lile tundu la ziada, kisha tunaingiza kamera zenye jicho la pembeni, nyuzi 30, 45 na hata 70, tukipekua kila ukuta mpaka kikonyo kionekane. Mara nyingi kiko ukuta wa nyuma au wa pembeni. Kinang'olewa pamoja na utando unaokizunguka. Kikiwa kimejificha ukuta wa mbele, daktari anaweza kutoboa tundu dogo juu ya ufizi ili apitishe chombo cha pili. Ni kazi ya subira.

Sasa nije kwenye nyama ambazo hazitakiwi kuguswa kabla ya picha.

Kijana wa kiume wa miaka 12, 14, 17, anatokwa damu puani mara kwa mara, nyingi, na upande mmoja umeziba. Kwetu tunasema ni jua kali, ni joto, mwache akae kivulini. Watoto wengi wanaotokwa damu puani kweli hawana kitu kikubwa. Ni mshipa mdogo wa mbele, waliouchokoza kwa kidole. Lakini kijana wa kiume mwenye mambo yote mawili, damu na kuziba, anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu unaoota nyuma ya pua, karibu na tundu dogo la mfupa ambamo mshipa mkuu wa pua hupita. Karibu wagonjwa wote ni wavulana. Si saratani, lakini unakula nafasi: unaingia nyuma ya taya, unaelekea kwenye jicho, unaweza kufika kwenye sakafu ya ubongo. Mtu akiukata kipande kliniki "tukapime", anaweza kusababisha damu ambayo chumba kile hakina uwezo wa kuizuia. Kwa hiyo ugonjwa huu hutambuliwa kwa picha. Kipimo cha CT kinaonyesha ukuta wa nyuma wa sinusi ya taya umesukumwa mbele, dalili ambayo Holman na Miller waliieleza mwaka 1965, na MRI inaonyesha umefika wapi. Siku moja hadi tatu kabla ya upasuaji, pale penye wataalamu, mishipa inayoulisha huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kutoka kwenye paja. Hospitalini Muhimbili walianza kuwafundisha madaktari wao tiba za namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 2010, na mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyotokea katika tiba yetu hapa nyumbani. Pasipo na huduma hiyo, damu ya kuongezewa iandaliwe ya kutosha, na mgonjwa ahamishiwe kwa wenye uzoefu badala ya kujaribiwa.

Nyingine ni ya mtoto mchanga. Tundu moja limeziba, ndani kuna kinyama laini cha rangi ya samawati, na akilia kinatuna. Hiyo si nyama ya pua. Ni sehemu ya utando wa ubongo, pengine na ubongo wenyewe, iliyoteremka kupitia ufa wa mfupa wa juu ya pua. Kuikata ni kufungua njia ya maji ya ubongo kutoka, na vijidudu kuingia. Wauguzi, mkumbuke kinachotuna mtoto akilia. Mtoto huyo anahitaji MRI, daktari wa ubongo na daktari wa pua wakiwa meza moja.

Watu wazima nao wana yao, iitwayo papiloma. Mwanaume wa miaka 50 au 60, tundu moja limeziba taratibu, pengine damu kidogo kwenye kamasi. Nyama yake ukiitazama kwa karibu si laini wala haipitishi mwanga, ina mikunjo mikunjo. Hadubini inaonyesha kwamba tabaka la juu linakua kuelekea ndani, likijichimbia kwenye nyama ya chini yake. Nils Ringertz wa Uswidi alilieleza vizuri umbo hilo mwaka 1938. Inahusishwa kwa sehemu na virusi vya papiloma. Ina tabia tatu zinazonifanya niiogope kuliko ukubwa wake: inarudi, inakula mfupa, na kwa wagonjwa kati ya 5 na 10 katika kila 100 inaambatana na saratani au inageuka kuwa saratani.

Hapa tena swali ni lile lile la kikonyo, na mfupa wenyewe hutujibu. Mahali papiloma hii ilipojishika, mfupa huwa mnene, na msoma picha mwangalifu anaweza kuonyesha kwa kidole mahali hapo kwenye filamu ya CT kabla hatujaingia chumba cha upasuaji. MRI inatenganisha uvimbe na ute uliokwama nyuma yake, kwa sababu kwenye CT vyote viwili vinafanana na mtu anaweza kudhani ugonjwa umejaa uso mzima kumbe nusu ni kamasi. Upangaji wa hatua nne uliotolewa na Krouse mwaka 2000 unasaidia madaktari kuelewana. Zamani tulipasua ubavu wa pua kuanzia karibu na jicho, kovu likabaki usoni. Sasa kazi nyingi hufanywa kwa kamera, lakini kung'oa hakutoshi: mfupa pale kwenye kikonyo lazima usagwe kwa drili ndogo mpaka ubaki mfupa safi. Daktari akikwambia "nimeitoa yote" muulize kwa adabu, na mfupa? Si ujeuri. Ni haki yako.

Ipo pia nyama nyekundu yenye vidoadoa vyeupe, inayotoka damu kwa kuguswa kidogo, ambayo Guillermo Seeber aliieleza Buenos Aires mwaka 1900. Huonekana zaidi India na Sri Lanka, kwa watu wanaooga au kufanya kazi kwenye mabwawa ya maji yaliyotuama, na imeshaonekana pia katika Afrika ya Mashariki. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni fangasi. Dawa za fangasi haziitibu. Hukatwa, na mahali ilipoota huchomwa kwa umeme.

Na mtu mzima ambaye sikio lake moja limeanza kujaa maji bila sababu, pamoja na pua kuziba na tezi shingoni, atazamwe nyuma ya pua upesi. Saratani ya eneo hilo iko kwetu: daktari Peter Clifford aliandika kuihusu kutoka Nairobi katika miaka ya 1960. Hiyo dawa yake hasa ni mionzi, si kisu.

Mtaniuliza kuhusu hatari, na nawapenda wanaouliza. Ukuta kati ya sinusi na jicho ni mwembamba kupita kiasi. Dari la pua ndilo sakafu ya ubongo, na kuna sehemu yake ambayo unene haufiki nusu milimita. Keros aliligawa dari hilo mwaka 1962 katika aina tatu kwa kina chake, kuanzia milimita 1 hadi 16, na kadiri linavyozama ndivyo kisu kinavyoweza kulitoboa kirahisi zaidi. Neva ya kuonea na mshipa mkuu wa damu wa ubongo hupita kando ya sinusi ya nyuma. Picha ya CT, kwa hiyo, ni ramani ya mtu huyo mmoja, na daktari anayeingia bila kuitundika mbele yake mimi singempa pua ya mwanangu. Vipimo hivi ni ghali na viko mbali na wengi. Hospitali kama Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta na Mulago zina wataalamu wa masikio, pua na koo, lakini nauli ya kutoka Mpanda au Turkana ni mzigo wa kweli, na anayesafiri mara tatu kwa sababu hakuna aliyemwambia aje na picha yake tumemuonea. Mkipewa rufaa, ulizeni siku hiyo hiyo: nije na kipimo gani, bima inalipa, nifunge kula tangu saa ngapi?

Kila nyama iliyotolewa iende maabara, yote, hata kama daktari anaamini anaijua. Mara nyingine ndugu hupewa kopo wapeleke wenyewe. Liwe na fomalini ya asilimia 10, si maji wala chumvi, liandikwe jina, tarehe na upande. Kisha fuateni majibu. Kuna karatasi zinazokaa kwenye droo za maabara zikiwa na neno saratani, na mwenyewe yuko shambani akidhani amepona.

Baada ya upasuaji, usipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki mbili, na chafya ikija fungua kinywa. Osha pua kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, usitumie maji ya bombani yasiyochemshwa. Kama maji mepesi ya wazi yanadondoka upande mmoja ukiinama, au jicho limevimba, au unaona viwili viwili, usingoje tarehe ya kliniki, rudi usiku huo huo. Nyama ya Killian, ikirudi, mara nyingi hujionyesha katika miaka miwili ya mwanzo. Papiloma inaweza kurudi baada ya miaka mitano au zaidi, kwa hiyo tarehe zake za kamera zinaendelea hata mgonjwa akiwa mzima kabisa, na ile CD ya picha ya kwanza mtunzie, kwa sababu daktari wa mwaka wa sita ataihitaji ili ajue kikonyo kilikuwa wapi.